Ugeni Unakaliwaje? Kutoka Tanga hadi Gitega na Muyinga





Kwa muda sasa baadhi ya wazazi wa hapa Muyinga, na wengine wa Gitega, wamekuwa wakituuliza swali moja kwa njia mbalimbali. Huyu ana kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, na ameitwa kufundisha nchi nyingine. Yule ana binti aliyeolewa Oman. Mwingine mumewe yuko Nairobi na anataka kuwachukua watoto. Wote hutuambia, "Mwalimu, wewe umetoka kwenu ukaja kwetu, na miaka yote hii hujaondoka. Ugeni unakaliwaje?" Leo tumeona tuliandike jibu. Hii si fatwa wala si darsa, ni khabari za nyumbani kwetu tu. Na tukisema "sisi" tuna maana ya mwalimu, mama watoto, na watoto wetu watatu, kwa sababu anayehama hahami peke yake hata akiwa amepanda basi peke yake.

Tulitoka Tanga mwezi wa Julai 2009. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki miaka miwili nyuma, tarehe 1 Julai 2007, na hapo ndipo wito ukaanza kufika huku na huko: skuli zinataka walimu wa Kiswahili, misikiti inataka walimu wa madrasa wanaojua Kiarabu na Kiswahili pamoja. Kamati ya msikiti mmoja wa Gitega ilituandikia barua, tukaijibu. Tulisafiri kwa mabasi kupitia Dar es Salaam, Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, mpaka Kabanga wilayani Ngara, mpakani. Binti yetu mkubwa alikuwa na mwaka mmoja, akilala magotini kwa mama yake. Mizigo yetu ilikuwa masanduku mawili ya vitabu, magodoro, mikeka, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo mama watoto hakukubali kuiacha.

Ukivuka Kobero jambo la kwanza ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa nzima, lakini jua halijali mipaka. Kwa hesabu ya jua, Tanga inatutangulia kwa zaidi ya nusu saa tu. Mwezi wa Ramadhani ndio unaolidhihirisha. Mama yetu mzazi, aliyeko Tanga, hula futari, akasali Magharibi, kisha akapiga simu. "Mmeshafturu?" Sisi huku bado tunaangalia jua juu ya migomba, na uji uko jikoni. Kila mwaka tunamweleza, na kila mwaka anasema ni ajabu watu wa Umma mmoja kufungua kwa zamu.

Jambo la pili ni baridi. Gitega iko juu milimani, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai ndio mwezi wenyewe wa baridi na vumbi. Sisi watu wa pwani tulifika na kanzu nyepesi na kanga. Wiki ya kwanza tulitawadha kwa maji ya moto alfajiri kama wagonjwa, na jirani mmoja, mama wa Kikatoliki, akamletea mtoto sweta ya rangi ya chungwa iliyokuwa ya mwanawe. Sweta ile imevaliwa na watoto wetu wote watatu.

Nyumba tulipata kwa urahisi, karatasi ndizo zilizotuchukulia muda. Mkataba wa Soko la Pamoja la Jumuiya ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake mna haki ya watu wa nchi wanachama kusafiri, kufanya kazi na kukaa. Kwenye karatasi ni jambo zuri mno. Katika ofisi moja, ambayo hatuitaji, tulipeleka faili lile lile mara 3, na kila mara picha zilikuwa zimepungua moja. Mwenye kutaka kuhama na atie akilini: apige picha za pasipoti nyingi kuliko anavyodhani, na asiende ofisini siku ya Ijumaa. Halafu liko daftari la kaya, ambalo majina ya wote wanaolala nyumbani huandikwa, pamoja na wageni. Siku mjomba wetu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, jina lake liliandikwa kabla hajamaliza kunywa chai. Alinung'unika. Sisi tulikuwa tumeshazoea, na kwa kweli daftari lile lilitusaidia kujulikana mtaani upesi zaidi kuliko kadi yoyote.

Chakula tusikizungumze sana, maana mama watoto akisoma atasema tunalalamika. Maharage, ndizi za kupika, ugali wa muhogo, isombe, ndagala kutoka Ziwa Tanganyika: ni chakula cha halali, kizuri na kinashibisha. Kilichokosekana ni nazi. Nazi ilifika kama zawadi, kwa basi, moja moja kama yai. Ile mbuzi yetu ikakaa pembeni miezi. Wageni wa Gitega walikuwa wakiingia ndani wanaitazama, wanauliza ni kigoda gani hiki chenye meno. Mwisho watoto wa madrasa wakaigeuza kiti cha msomaji: anayesoma juzuu yake bila kukosea hukaa juu ya mbuzi ya Tanga siku nzima, tukiwa tumemfunga ulimi kwa kitambaa ili usimkate mtu.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo penye kazi. Watoto wa mtaa wa Waswahili wa Gitega wanazungumza Kiswahili tangu kwa babu zao, tena kizuri. Lakini watoto walioteremka kutoka milimani kuja madrasa walijua Kirundi tu. Utamfundishaje mtoto tohara kwa lugha ambayo haisikii? Tukawa tunafundisha asubuhi na jioni tunafundishwa. Walimu wetu walikuwa wanafunzi wetu, na hawakuwa na huruma. Kirundi ni ndugu wa Kiswahili, maneno mengi utayatambua, lakini kina milio ya kupanda na kushuka ambayo sikio la pwani halikuizoea. Chukua neno gusoma: kwa mlio mmoja ni kusoma kitabu, kwa mlio mwingine ni kupiga funda la kinywaji. Mwalimu wa madrasa anayewaambia wazazi kwamba watoto wao huja kwake kila alasiri kwa ajili ya gusoma, na aangalie mlio wake! Kisha liko neno ejo, ambalo ni jana na pia ni kesho, na kitenzi ndicho kinachoamua. Fundi akikwambia mlango wako ni ejo, sikiliza kitenzi.

Ilituchukua miaka miwili hadi kutoa mawaidha mafupi kwa Kirundi bila mkalimani. Mama watoto alitutangulia kwa mbali, kwa sababu yeye alijifunzia sokoni, ambako ukikosea unatozwa.

Majirani nao wana mengi. Jumamosi asubuhi ni ibikorwa rusangi, kazi za pamoja: kufyeka, kuchimba mitaro, kubeba matofali ya skuli. Tulinunua jembe wiki ya pili na madrasa ya Jumamosi tukaisogeza hadi baada ya Adhuhuri. Mgeni akionekana na jembe, watu hupunguza maswali. Kwenye harusi na posa huletwa pombe ya ndizi, urwarwa, na kuikataa kwa ghafla ni kama kumkataa mwenye nyumba. Wazee wa Kiislamu wa Gitega walituonyesha njia yao: unasimama mapema, unamshukuru mwenye shughuli kwa Kirundi, unataja ukoo wake kwa heshima, ndipo unaomba maji au Fanta. Tangu hapo hatujawahi kuona mtu amechukia. Na mama jirani akinyoosha mkono au akitaka kukukumbatia kama desturi ya hapa, mkono wako unauweka kifuani na unatabasamu kwa meno yote. Wameshatuzoea. Siku hizi wao ndio wanaotuwekea mkono kifuani kwanza, wakicheka.

Lipo moja gumu kidogo. Hapa neno Muswahili ni Mwislamu, na kwa wengine lina maana ya pili: mtu mjanja, wa kuangaliwa mifuko yake. Sisi wa Tanga tulikuwa tukijiita Waswahili kwa fahari, tukakuta jina lina doa. Ukitaka kujua doa lilitoka wapi itabidi urudi nyuma miaka mingi. Wajerumani walipofanya mapatano na Mwami Mwezi Gisabo kule Kiganda mwaka 1903, na walipohamisha makao yao kutoka Usumbura kwenda Gitega mwaka 1912, walikuja na askari na wachuuzi waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916 waliwatazama watu hao kwa jicho la shaka, na wakawatenga katika mitaa yao. Kwa hiyo mtaa uliotupokea sisi mwaka 2009 ulianzishwa na watu waliokuwa wageni kama sisi, na wajukuu wao leo ni Warundi kamili wanaozikwa katika ardhi ya Gitega.

Na kwa kuwa tumewataja Wajerumani, tuwape khabari ya mwalimu mwenzetu mmoja. Tunapenda kuwasimulia wanafunzi wakubwa khabari hii, na tunaona wazazi wengi hawaijui. Wakati Wajerumani walipokuwa wanaingia huku kwetu, yuko mtu wa kwetu aliyekwenda kwao. Naye ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo. Mwaka 1900 aliitwa Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, ambako maafisa na wafanyabiashara walijifunza kabla ya kuja Afrika. Ndiye mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903 chini ya uangalizi wa profesa wa Kijerumani Carl Velten, na mpaka leo mwenye kutaka kujua arusi, tiba na sheria za watu wa pwani wa zama zile hukifungua hicho.

Fikirieni, ndugu zangu. Mtu wa Bagamoyo, katika theluji, anawafundisha vijana wa Kijerumani namna ya kuamkia wazee. Mwaka 1904 akamwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata akafunga safari na mkewe kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya koloni ikakataa: mtu mweusi na mke mweupe wasiishi pamoja katika nchi ile. Wakarudishwa Ujerumani. Yaani mlango aliofungiwa haukuwa wa ugenini, ulikuwa wa kwao! Baadaye alifundisha Hamburg kuanzia mwaka 1909, kisha akaondoka, akajikimu kwa kutoa mihadhara, na akafariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakurudi kukaa tena.

Mara ya kwanza tulipoisoma khabari hii tulikuwa Gitega, usiku, umeme umekatika, tunasomea mshumaa. Mama watoto akauliza swali moja tu: "Alipata watu wa kumzika kwa Kiislamu?" Wengine wangeuliza mshahara wake.

Mmoja wa vijana tuliowasomesha Gitega yuko Ujerumani hivi sasa, Leipzig, kwa masomo ya juu. Anatutumia sauti kwa simu, nasi tunazisikiliza baada ya Isha. Anasema jambo la kwanza alilotakiwa kufanya ni kwenda kujiandikisha anwani ndani ya wiki mbili tangu kuhamia nyumbani, na bila karatasi hiyo hufungui akaunti benki wala hufanyi lolote. Tukamwuliza, sasa hilo limekushangaza nini, mtoto wa Gitega uliyezaliwa ndani ya daftari la kaya? Anasema Jumapili maduka yamefungwa na mashine ya kufulia usiiguse, jirani atakuja. Chupa ya maji ukiirudisha dukani unarudishiwa senti zako. Taka zina mapipa ya rangi rangi, na ukichanganya bibi wa ghorofa ya chini anakuona. Kinachomchosha si hayo. Anasema mtu anaweza kupanda ngazi pamoja nawe mwaka mzima akakusalimu vizuri kila siku, na usijue jina la mwanawe. Tukamwambia anunue jembe. Akacheka, akasema hakuna pa kulima. Baadaye alituambia amejiunga na kikundi cha kusafisha bustani ya mtaa kila Jumamosi, na sasa anajua majina matatu.

Turudi kwetu. Mwaka 2015 ulitujaribu. Kuanzia mwisho wa Aprili Bujumbura iliwaka, Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Tanzania, wakajaza kambi za Kigoma. Gitega ilikuwa tulivu kuliko Bujumbura, lakini hofu haina mipaka ya mkoa. Watanzania wawili tuliokuwa tukifahamiana nao waliondoka. Mama alipiga simu kila siku, "Mwanangu, rudisheni watoto." Mtoto wa pili, wa kiume, aliyezaliwa Gitega mwaka 2010, alikuwa anaanza juzuu Amma. Tulikaa. Hatusemi kwamba waliokwenda walikosea, kila mtu ana hesabu zake na Mola wake ndiye anayemjua. Sisi tulikuwa na watoto 60 darasani ambao wazazi wao hawakuwa na pa kwenda.

Mwaka uliofuata tukahamia Muyinga, kwa wito wa kamati nyingine, na tusifiche: ukaribu wa mpaka nao ulituvutia. Hapa ukisimama barabarani unaona malori ya Dar es Salaam yakitoka Kobero. Waislamu ni wengi kuliko tulivyozoea Gitega, na Kiswahili kimejaa sokoni, maana watu wengi wa hapa walikuwa wakimbizi Tanzania na wamerudi nacho. Mtu anakuuliza, "Mwalimu, Ngara kuna nini siku hizi?" kama anayeuliza kijijini kwao. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa hapa mwaka 2017. Tulipoondoka, Gitega ilikuwa mji wa ndani wenye utulivu wake, na mwaka 2019 ikafanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi. Marafiki zetu wa kule hututania kwamba tuliukimbia utukufu. Na kwa mpango mpya wa mikoa 5 ulioanza mwaka 2025, Muyinga si mkoa tena, imeingia Buhumuza. Barua zetu bado zinaandikwa Muyinga, na zinafika.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa lilitufanya tukubali kuandika.

Mama yetu ana miaka 78. Kijana wetu, tangu azaliwe, humwita "mume wangu", kama desturi ya mabibi wa pwani. Kila simu: "Mume wangu hajambo? Atakuja lini kuniangalia?" Lakini watoto wetu wanaishi katika Kirundi. Kiswahili chao ni cha adabu, cha kujibu walimu. Ndoto zao na ugomvi wao ni kwa Kirundi, na skuli ni Kifaransa. Kijana akizungumza na bibi yake anajibu "ego" badala ya ndiyo, na "oya" badala ya la, na sentensi ikimshinda anampa simu dada yake. Siku moja mama alituambia, bila ya hasira, "Namsikia sauti, lakini simsikii yeye." Neno lile lilikaa nasi wiki nzima.

Kijana alipokuwa anamaliza mwaka wa 9 wa skuli, mwaka 2025, mama akaweka ombi lake rasmi kupitia kwa mjomba: mtoto aende Tanga, akae naye, asome huko. Chumba kipo, kimepakwa chokaa. Hapa nyumbani tukagawanyika. Mwalimu aliona mama ana haki, na mtoto asiyemjua bibi yake amekosa kitu kikubwa. Mama watoto alisema mtoto wa miaka 15 hang'olewi kama mche wa kahawa. Tuliwekana hivyo kwa muda, kwa heshima lakini kila mtu na lake. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika nchini tangu mwaka wa nyuma yake, safari yenyewe ya kwenda popote ilikuwa ghali, na hilo lilikuwa hoja ya kila upande kwa zamu.

Yuko mzee mmoja hapa msikitini ambaye humaliza swala akakaa nguzo ya pili. Alikimbia Muyinga mwaka 1993 na mke wake mja mzito, akakaa kambi ya Lukole, Ngara, zaidi ya miaka 10. Watoto wake walizaliwa na kukulia kule. Tulimpelekea shauri letu baada ya Alasiri.

Akasema, "Mwalimu, mimi niliwarudisha wangu. Nchi yao ni hii, na mlima ni wa baba yangu. Mkubwa alikuwa na miaka 12. Alifika hapa wenzake wakamwita Mtanzania. Miaka miwili hakuniangalia usoni."

Tukamwuliza, "Sasa mzee, hukupaswa kuwarudisha?"

"Nilipaswa. Ningebaki Lukole kulinda nini? Mimi nakwambia kilichotokea tu. Yule mkubwa sasa ndiye anayelima shamba. Lakini redio yake mpaka leo ni ya Tanzania."

Kisha akauliza, "Mtoto mwenyewe anasemaje?"

Usiku ule tukawakalisha watoto, baada ya chakula. Tukamweleza kijana yote, haki ya bibi na hofu ya mama yake, wala hatukumpambia upande wowote. Akatazama mkeka. Akasema kwa Kiswahili, polepole, ili asikosee, kwamba anampenda bibi, na atakwenda kumsalimu likizo yoyote tutakayompeleka, lakini anaomba amalize hapa. Wenzake wako hapa. Hesabu anaijua kwa Kifaransa. Halafu akaongeza, "Na hapa mimi si mgeni."

Tulikuwa tunataka kufunga kikao kwa dua. Ndipo binti yetu mkubwa, aliyetimiza miaka 17, yule aliyevuka Kobero magotini kwa mama yake, akasema, "Mimi niko tayari kwenda."

Mama yake akageuka. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Akaeleza kwa utulivu, ikaonekana kwamba alishayafikiri kwa muda. Yeye ndiye anayezungumza na bibi kila wiki, na ndiye aliyekuwa akimalizia sentensi za kaka yake. Anataka kusoma Kiarabu na fiqhi kwa kina, na hapa darasa la wasichana la kiwango hicho bado hatuna. Kuna chuo cha Kiislamu Tanga kinachofundisha kwa Kiarabu na Kiswahili, amekwisha uliza ada na ana jibu. Na bibi anahitaji mtu wa kumchotea maji usiku, jambo ambalo mume wake wa miaka 15 asingelifanya.

Mama watoto alilia, tuseme kweli. Kwa kijana alikuwa amejiandaa kubisha, kwa binti hakuwa na hoja hata moja.

Aliondoka mwezi wa Septemba 2025, akisindikizwa na baba yake hadi Tanga, kwa njia ile ile ya Kabanga, Nyakanazi na Kahama. Safari hii mizigo ilikuwa maharage, unga wa muhogo, na majani ya isombe yaliyotwangwa na kukaushwa. Bibi alimpokea mlangoni, akamshika mashavu, akasema, "Mke mwenzangu umekuja," kisha akauliza mume wake yuko wapi, na tukajua kwamba ombi lake halijafutwa, limesogezwa tu.

Khabari za sasa ni kwamba joto la Tanga linamtesa. Wenzake chuoni wanamwita Mrundi, kwa mapenzi au kwa utani, yeye mwenyewe bado hajaamua. Kiswahili chake kimeanza kubadilika, amerudi kusema "hebu" na "jamani" kama shangazi zake. Anamfundisha bibi maneno ya Kirundi, moja kwa siku, ili aweze kuzungumza na kijana kwa simu, na bibi wa miaka 78 ameshika ego, oya, amahoro na urakoze. Ejo imemshinda. Anasema haiwezekani watu wazima wakaita jana na kesho jina moja, lazima kuna mtu anamdanganya.

Wiki iliyopita binti ameleta maombi mawili. La kwanza, tumtumie ndagala, za Tanga si zile. La pili, ile mbuzi ya kukunia nazi irudi Tanga, kwa kuwa ya bibi imevunjika ulimi. Mama watoto amekataa la pili. Ndagala zimeshafungwa kwenye mfuko, na dereva wa basi la Alhamisi amekubali kuzibeba kwa sharti zisivuje harufu.